Uislamu na Utumwa: Tuseme Kweli, Tusigawanyike

Liko swali moja ambalo halikosi kuulizwa katika mikutano ya matawi yetu, hasa huku pwani. Mtu husimama, sauti yake imejaa ugomvi, akauliza: "Je, si Uislamu ndio ulioleta utumwa katika nchi hii?" Kabla hajaketi, mwingine husimama upande wa pili akajibu kwa hasira kwamba utumwa haukuwako kabisa, kwamba hayo yote ni hadithi walizotunga wamishenari ili kuwatukana Waislamu. Mwenyekiti hugonga meza, mkutano hufungwa, na watu hutoka nje wakiwa makundi mawili. Waliokuja kuzungumza habari ya bei ya korosho na kisima cha kijiji hurudi makwao bila kuzungumza lolote.

Sisi twasema kwamba wote wawili wamekosea, na kosa lao lina faida kwa mtu mmoja tu, yule asiyependa kutuona tumeungana. Wa kwanza anaitwisha dini mzigo wa matendo ya matajiri. Wa pili anaitumia dini kama shuka la kuwafunika matajiri hao hao. Chama kinachotaka kujenga taifa hakiwezi kusimama juu ya tusi, wala hakiwezi kusimama juu ya uongo. Kwa hiyo leo tumeazimia kulieleza jambo hili waziwazi, bila kumwogopa mtu na bila kumdharau mtu.

NENO "UHURU" LILITOKA WAPI

Kwanza tutazame neno letu wenyewe. Hakuna mwanachama asiyejua kupaza sauti akasema "Uhuru!" Lakini ni wangapi wanaojua kwamba neno hili, kabla ya kuwa neno la siasa, lilikuwa neno la sheria ya utumwa? Neno "huru" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mtu asiyekuwa mtumwa. Katika miji ya pwani mtu aliyezaliwa bila kumilikiwa aliitwa mwungwana, na yule aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa na bwana wake alisemwa kuwa amepewa huru. Huru yake iliandikwa katika hati, ikashuhudiwa, naye akaitunza hati ile kuliko mali yoyote aliyokuwa nayo.

Tunaposema "Uhuru", basi, tunatumia neno lililotoka kinywani mwa mtumwa. Wazee wetu walipolichukua neno hilo na kulitia katika siasa walikuwa wanasema kwamba nchi nzima ilikuwa katika hali ya mtumwa, na nchi nzima ilitaka hati yake. Anayelitumia neno hilo leo hana budi kuijua historia yake, wala hana haki ya kumcheka mjukuu wa mtumwa. Huyo ndiye mwenye neno.

UISLAMU ULIUKUTA UTUMWA

Uislamu ulipoanza Makka katika karne ya 7, utumwa ulikuwa umekwisha enea duniani. Warumi walikuwa nao, Waajemi walikuwa nao, Waarabu walikuwa nao, na hapa Afrika mateka wa vita walifanywa watumwa kabla hatujasikia adhana wala kengele ya kanisa. Hakuna dini wala taifa linaloweza kujisifu kwamba mikono yake ilikuwa safi. Msemaji anayesema Uislamu ndio ulioleta utumwa duniani hajui anachosema.

Lakini tusiishie hapo, maana wengine hupenda kuishia hapo. Ni kweli pia kwamba Uislamu haukuufuta utumwa kama ulivyofuta riba na ulevi. Sheria yake ilikubali mtu kumilikiwa, kuuzwa na kurithiwa, na ilimruhusu bwana kumfanya mjakazi wake suria. Hayo yamo katika vitabu vya fikihi na mwanachuoni mkweli hayakatai. Asiyetaka kuyataja hajaja kufundisha, amekuja kutetea.

Sasa, dini ilifanya nini juu ya jambo hilo ililolikuta? Ilifanya mambo mawili. Iliufanya mwembamba mlango wa kuingilia utumwani, kisha ikafungua milango mingi ya kutokea.

Kwa aliyezaliwa huru, mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja, nao ni vita halali. Wanachuoni walikubaliana kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru, na kwamba mtu huru hawezi kuuzwa kwa sababu ya deni, wala kwa sababu ya njaa, wala kwa kuibwa njiani, na Mwislamu aliye huru hawezi kufanywa mtumwa kabisa. Hata mateka wa vita, Suratu Muhammad katika aya ya 4 inataja mambo mawili ya kuwatendea baada ya vita: kuwaachilia kwa hisani au kuwaachilia kwa fidia. Kuwafanya watumwa haikutajwa pale.

Milango ya kutokea ilikuwa mingi, nasi tutaihesabu michache. Suratul Balad, iliyoshuka Makka wakati Waislamu walikuwa wachache na wanyonge, inafananisha wema na kupanda mlima mkali, na hatua ya kwanza ya mlima huo ni kumwacha huru mtumwa. Suratut Tawba katika aya ya 60 inagawa zaka kwa mafungu manane, na fungu moja ni la kuwakomboa watumwa. Maana yake ni kwamba hazina ya Waislamu wote iliamriwa itoe fedha kwa kazi hiyo. Aliyeua mtu kwa bahati mbaya aliamriwa amwache mtumwa huru. Kwa aliyevunja kiapo, kumwacha mtumwa huru ilikuwa moja ya kafara zake. Aliyemtamkia mkewe maneno ya kumfananisha na mama yake ilimpasa amwache mtumwa huru kabla ya kumrudia.

Tena uko mlango ambao sisi watu wa chama yafaa tuutazame sana. Suratun Nuur katika aya ya 33 inampa mtumwa njia ya kutaka mkataba. Mtumwa alimwendea bwana wake, wakapatana bei na muda, wakaandikiana, naye akafanya kazi ya kujilipia uhuru wake. Bwana aliamriwa akubali akiona kheri kwa mtu yule, na zaidi ya hayo aliamriwa amsaidie kwa mali. Hebu fikirini. Mtumwa anakaa na bwana wake kama watu wawili wenye kupatana, kila mmoja ana neno lake. Mtu mwenye haki ya kufanya mkataba si kitu tena. Salman Mwajemi, sahaba wa Mtume (S.A.W.), alitoka utumwani kwa mkataba wa namna hiyo, na miche ya mitende iliyotakiwa na bwana wake Waislamu walichangiana kuipata, na Mtume mwenyewe akashiriki kuipanda kwa mkono wake. Hiyo tungeiita leo kazi ya kujitolea.

Aliyezaa na bwana wake, kwa madhehebu mengi, hakuweza kuuzwa tena, mtoto wake alizaliwa huru, na yeye mwenyewe alikuwa huru siku bwana alipokufa. Na tuwataje watu ambao kila mtoto wa chuo anawajua. Bilal bin Rabah, mtu mwenye asili ya Uhabeshi, aliteswa na bwana wake Umayya juu ya mchanga wa moto, Abu Bakar akamnunua akamwacha huru, naye akawa mwadhini wa kwanza wa Uislamu. Zaid bin Haritha alikuwa mtumwa. Aliachwa huru, akaongoza jeshi, akafa vitani Muuta mwaka 629. Mwanawe Usama alipewa jeshi angali kijana, na ndani ya jeshi lile walikuwamo wakubwa wa Makureshi.

NGAZI SI KITI

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu akiyatazama mambo hayo yote kwa pamoja ataona kwamba yanakwenda upande mmoja. Watumwa wasiingie kwa wingi, na waliomo watoke siku zote. Kama watu wangeifuata njia hiyo kwa moyo, utumwa ungekauka wenyewe kama kisima kisichopata mvua. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba Uislamu ulikwenda hatua kwa hatua.

Lakini hatua kwa hatua ni ngazi, na ngazi imewekwa ili watu wapande. Matajiri waliigeuza ngazi kuwa kiti, wakaketi juu yake miaka elfu na zaidi. Walisema dini haikukataza, basi wakanyamaza juu ya yale yote dini iliyohimiza. Walimwacha huru mzee mmoja aliyekwisha choka ili wapate thawabu, kisha wakanunua vijana kumi. Mlango wa kuingilia waliupanua mpaka ukawa lango la ng'ombe: uvamizi wa usiku ukaitwa vita, na wizi wa watoto ukaitwa biashara.

Wala msidhani kwamba watumwa walikubali. Katika mabwawa ya chumvi karibu na Basra, watumwa walioitwa Zanji, na wengi wao asili yao Afrika ya Mashariki, waliwaasi matajiri mwaka 869, wakaishika nchi ile kwa miaka 14 mpaka 883. Wala msidhani kwamba wanachuoni wote walinyamaza. Ahmad Baba wa Timbuktu, ambaye mwenyewe alichukuliwa mateka na jeshi la Moroko, aliandika mwaka 1615 kwamba weusi wa ngozi si sababu ya kumfanya mtu mtumwa, na kwamba Mwislamu mweusi aliyeuzwa lazima aachwe. Hata hivyo yeye naye hakuufuta utumwa wenyewe. Alibishana juu ya nani asiuzwe. Twasema hivyo kwa sababu tumeahidi kusema kweli.

TUNISI ILIVYOFANYA

Mtu atauliza: je, iko nchi ya Kiislamu iliyopanda ngazi mpaka juu? Iko. Mwaka 1841 Ahmad Bey, mtawala wa Tunisi, alipiga marufuku kuuza watumwa na akafunga soko lao. Mwaka 1842 akaamuru kwamba kila mtoto atakayezaliwa na mtumwa awe huru. Mwezi wa Januari 1846 akaufuta utumwa wote katika nchi yake. Hatua tatu, miaka mitano.

Tena tazameni sababu alizowaandikia wanachuoni. Alisema kwamba watumwa walioletwa nchini haikujulikana kama waliingia utumwani kwa njia halali, maana wengi wa watu wa nchi walikotoka walikuwa Waislamu tangu zamani. Alisema kwamba mabwana hawakuyatimiza masharti ya huruma ambayo sheria iliwawekea. Alisema pia kwamba watumwa walikuwa wakikimbilia kwa wageni kutafuta hifadhi, na hiyo ilikuwa hatari kwa nchi. Mufti wa Kihanafi na mufti wa Kimaliki, Sheikh Bayram na Sheikh Ibrahim Riyahi, wakamuunga mkono. Ni kweli kwamba balozi mdogo wa Uingereza alikuwako Tunisi akimhimiza. Lakini hoja zilizotumika zilikuwa hoja za sheria ya Kiislamu, na waliozithibitisha walikuwa mashehe.

Ufaransa iliufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, Marekani mwaka 1865, Brazili mwaka 1888. Tunisi iliwatangulia wote watatu. Uingereza iliitangulia Tunisi, kwa sheria ya 1833, lakini ililipa fidia ya pauni milioni 20, na fidia hiyo walilipwa waliokuwa wakimiliki watumwa. Mtumwa mwenyewe hakupata hata senti moja, bali aliongezewa miaka ya kazi ya shuruti mpaka 1838. Basi mtu asitusimulie kwamba ustaarabu wa kuacha watu huru ulizaliwa katika bara moja tu.

HAPA KWETU

Sasa turudi nyumbani. Hoja za Tunisi zingefaa hapa kwetu hata zaidi. Watu waliofungwa minyororo kutoka Ziwa Nyasa mpaka Kilwa hawakutekwa katika vita yoyote ya dini. Walivamiwa vijijini, waliuzwa kwa deni, waliibwa wakienda kisimani. Kwa sheria ile ile iliyosomwa misikitini Unguja, wengi wao walikuwa watu huru wakati wote, nao waliowanunua walinunua mali ya wizi. Kadhi yeyote aliweza kulisema hilo. Lakini mikarafuu ya Unguja na Pemba ilitaka mikono, na wenye mikarafuu walikuwa ndio wenye nchi.

Tena waliofaidika hawakuwa kabila moja. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa. Watu wa bara, machifu na wafanya biashara, waliuza majirani zao. Matajiri wa Kihindi walikopesha misafara. Nguo iliyobadilishwa na pembe na watu iliitwa merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Anayetaka kumwekea dhambi yote Mwarabu, au Mwislamu, anawaachilia wengine wengi watoke kimya kimya kwa mlango wa nyuma.

Kwa kuwa watawala wetu hawakuipanda ngazi wenyewe, walipandishwa kwa mizinga. Mkataba wa 1822 ulikataza kuwauzia Wakristo. Mkataba wa 1845 ulikataza kuwapeleka watumwa Arabuni. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, akijua kwamba manowari za Kiingereza zingeifunga bandari yake, alitia sahihi kukomesha biashara yote ya baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitangaza kwamba mahakama hazitamtambua mtu kuwa mali ya mwenzake.

Lakini isomeni amri ile ya 1897. Uhuru haukumjia mtumwa. Ilimbidi yeye mwenyewe aende kuuomba mahakamani. Akiupata ilimpasa aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na kazi ya kumlisha, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana wake alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka mwaka 1909. Na ardhi? Ardhi ilibaki kwa bwana. Aliyekuwa mtumwa jana alikuwa huru leo, na kesho yake alirudi kwenye shamba lile lile kuomba mahali pa kujenga kibanda.

Upande wa bara Wajerumani hawakuthubutu kuwaudhi wenye watumwa. Mwaka 1904 walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru. Mwaka ule ule wa 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Yaani Mjerumani alikuwa akiwaahidi uhuru watoto wasiozaliwa, huku akiwachapa viboko baba zao. Utumwa haukufutwa Tanganyika mpaka sheria ya Waingereza ya 1922, na hata baada yake ikabaki kodi ya kichwa, na makonge, na manamba.

Yatazameni maneno yenyewe, maana lugha haisahau. Kibarua kilikuwa cheti, barua ndogo. Katika mji wa Unguja watumwa walikodishwa kazi ya kutwa, na sehemu ya ujira wao ikaenda kwa bwana. Basi mtu mwenyewe akaitwa kibarua. Manamba alikuwa mtu aliyepewa namba badala ya jina. Mtu alitoka kwenye mnyororo akaingia kwenye cheti, akatoka kwenye cheti akaingia kwenye namba. Ndiyo maana wazee wetu hawakuridhika waliposikia kwamba utumwa umekwisha.

"POLEPOLE" YA NANI?

Wako watakaosema: basi mwataka kusema kwamba kwenda hatua kwa hatua ni kubaya? La. Twasema yafaa kuuliza kila mara ni nani anayehesabu hatua. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipotembelea Tanganyika ulisema kwamba nchi hii inaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 au 25. Serikali ya kikoloni ilipiga kelele kwamba hiyo ni haraka mno. Watu wenyewe walipoamua kuzihesabu hatua, ilichukua miaka 7. Mwenye kumiliki siku zote husema polepole ndio mwendo. Mwenye kumilikiwa anajua kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Alama ya hatua ya kweli ni kwamba ikishapigwa hairudi nyuma, na inayofuata inajulikana tarehe yake. Ahmad Bey alifanya hivyo. Wenye mashamba wa kwetu hawakufanya. Saudi Arabia na Yemeni ziliufuta utumwa mwaka 1962, Omani mwaka 1970, na Moritania mwaka 1981, nayo haikuufanya kuwa kosa la jinai mpaka 2007. Muda huo wote Qurani ilikuwa ile ile. Kilichochelewa ni watu.

Leo wanachuoni wameufunga mlango. Tangazo la haki za binadamu la nchi za Kiislamu lililotolewa Cairo mwaka 1990 linasema mwanadamu huzaliwa huru na hakuna mwenye haki ya kumfanya mtumwa. Mwaka 2014, wauaji waliojiita Dola ya Kiislamu walipowateka wanawake wa Kiyazidi huko Iraki na kuwauza, wanachuoni zaidi ya 120 waliwaandikia barua ya wazi kuwaambia kwamba kuurudisha utumwa ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu wote. Hilo ni jibu la kutosha kwa anayeutukana Uislamu, na pia kwa anayejificha nyuma yake.

LILILO MBELE YETU

Ndugu wanachama, hatukuandika haya ili tushinde ubishi wa barazani. Yako mambo manne ambayo tunataka kila tawi liyashike.

La kwanza, utumwa usitumike tena kama kuni za kuchochea moto baina ya dini na dini, au bara na pwani. Unguja iliwahi kuona, katika ghasia za Juni 1961 na katika siku za damu za Januari 1964, maneno ya kukumbushana utumwa yanavyoweza kumfanya mtu amwone jirani yake kama adui. Anayerudisha maneno hayo jukwaani ili apate kura anacheza na kiberiti ndani ya nyumba ya makuti.

La pili, tusi la asili likome. Wako watu mpaka leo ambao, likija jambo la posa, huchunguza kama babu wa kijana alikuwa mtwana. Na hao hao husimama safu moja naye msikitini, bega kwa bega! Sheikh Ramiya wa Bagamoyo alizaliwa Manyema, upande wa Kongo, akaletwa pwani utotoni akiwa mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 waungwana wengi walikuwa wamekwisha keti chini mbele yake wakijifunza. Kama elimu haikumwuliza ukoo wake, chama kitamwuliza mtu kwa haki gani?

La tatu, watoto wafundishwe mambo haya shuleni kwa ukamilifu. Wafundishwe Mkunazini, na wafundishwe pia Tunisi. Wafundishwe minyororo, na wafundishwe pia ile fidia ya pauni milioni 20. Mtoto aliyefundishwa nusu ya jambo ndiye huyo anayekuja kuvunja mikutano yetu akiwa mtu mzima.

La nne ndilo kubwa. Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria mwaka 2022 kwamba watu karibu milioni 50 duniani wanaishi katika utumwa wa namna mpya, wakiwamo wanaofanyishwa kazi kwa nguvu na walioozwa kwa nguvu. Wasichana wetu wa Afrika ya Mashariki huenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Wengine hupata mabwana wema na hurudi na akiba. Wengine hunyang'anywa pasi siku ya kwanza, huzuiwa mshahara, na hawawezi kuondoka mpaka mwajiri aliyewadhamini apende. Nchi kadhaa za Ghuba zimebadili sheria hizo miaka ya karibuni, nasi twazipongeza; lakini sheria iliyobadilika katika karatasi haijafika bado katika kila jiko.

Wala tusinyooshe kidole Arabuni tu, maana nyani haoni kundule. Humu mwetu, katika nyumba za watu wanaoheshimika, na wengine wana kadi ya chama mfukoni, yuko mtoto aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa. Sheria ya kazi ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini huyu ana miaka 11. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Hana mkataba, hana mshahara, hana siku ya mapumziko. Mama mwenye nyumba husema, "Huyu ni kama mwanangu." Wenye watumwa wa zamani nao walisema hivyo hivyo.

Mtumwa wa karne ya 7 alikuwa na haki ya kuketi na bwana wake wakaandikiana mkataba. Ni aibu gani kwetu ikiwa mtumishi wa nyumbani leo hana hata hiyo! Basi kila tawi liwaandikishe watumishi wa majumbani katika mtaa wake, liwajulishe haki zao, lidai mikataba yao iandikwe na mishahara yao ilipwe kwa tarehe. Kila kijana anayetaka kwenda kufanya kazi ng'ambo asaidiwe kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na jina la mwajiri wake libaki kwa jamaa zake. Na kiongozi wa chama anayemfanyisha mtoto kazi nyumbani kwake achague: amrudishe mtoto shuleni, au arudishe kadi.

Waislamu wanaambiwa kwamba kumfungua mtu shingo ni kupanda mlima. Wakristo nao wana mafundisho yao juu ya kuwafungua waliofungwa. Na wasiokuwa na msikiti wala kanisa wanajua uzito wa kamba kama sisi sote. Mlima ni mmoja, nasi tungali chini yake. Atakayesimama kwenye mkutano ujao kuuliza ni dini gani iliyoleta utumwa, mwenyekiti na amjibu kwa upole, kisha naye amwulize swali: "Ndugu, nyumbani kwako nani anafua nguo, na mwisho wa mwezi unamlipa nini?"

Uhuru na Umoja.